Mistari Tisa ya Nekesa

Mimi nikialikwa mahali bila kuambiwa nichange, huwa najiuliza hawa watu wanataka nini. Kwa hivyo mwezi uliopita, ujumbe ulipoingia kwenye simu kwamba maabara ya zamani ya shule yetu inabomolewa, na kwamba sisi tuliosoma pale zamani tuje Eldoret tule chakula cha mchana tuiage, niliusoma mara tatu nikitafuta mahali pa kutuma mchango. Hapakuwepo. Walisema tu kwamba mwenye kitu cha zamani cha maabara akilete, kiwekwe mezani watu wakione. Nikasema, aa, hawa wana jambo lao. Nilikwenda hata hivyo, kwa sababu nimefanya kazi ya maabara maisha yangu yote mpaka nikastaafu, na kazi hiyo ilianzia kwenye chumba kile. Halafu pia, wacha niseme ukweli, niliogopa kwamba nisipokwenda watanisema.

Mwalimu Rotich, aliyetufundisha fizikia, alikuwa amewekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, koti zito mwilini na fimbo katikati ya magoti. Amezeeka sana. Tulipita mmoja mmoja tukimshika mkono, na wengi hakuwakumbuka. Lakini alipofika mwanamke mmoja mrefu aliyefunga leso kichwani, mzee akaamka kabisa. "Huyu!" akasema kwa sauti. "Huyu ndiye alinipikia mistari tisa!" Watu wakacheka, hata waliokuwa hawajui ni mistari gani. Mwanamke huyo, Nekesa, naye akacheka kidogo. Analima mahindi Turbo siku hizi, na mikono yake inaonyesha. Halafu akageuza uso akanitazama mimi, vile mtu anavyotazama saa ya ukutani kuona imebaki muda gani. Tangu hapo kuku niliyepakuliwa hakushuka. Nilikaa na sahani yangu nikijiuliza anajua nini, na kama anajua, ni kwa nini amekuja leo.

Mwaka wetu wa kidato cha nne, mimi na Nekesa tulikaa mtaa wa Huruma, hapo hapo Eldoret, kwa shangazi yake, Mama Sella. Nilivyofika kwa watu wa Nekesa mimi msichana wa Kikuyu ni hadithi ya nyumbani na sitaigusa hapa. Kilikuwa chumba kimoja cha kukodi, kimegawanywa kwa mbao zilizobandikwa magazeti. Upande wa mbele Mama Sella alilala, akapika, akafuma sweta za watoto wa shule za kuuza sokoni. Upande wa nyuma kulikuwa na kitanda kimoja, changu na cha Nekesa. Mbao zile hazikuzuia kitu. Ulisikia sindano za kufuma zikigongana mpaka unasinzia. Jioni tulikula ugali na sukuma wiki, na asubuhi tulikunywa chai ya strungi isiyo na maziwa, na Mama Sella alikuwa na mtindo wa kunipakulia mimi kwanza. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini nipakuliwe kwanza, kuna nini chini ya sufuria. Ndivyo nilivyoumbwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa tayari nimechoka kudanganywa, ingawa ukiniuliza ni nani hasa aliyenidanganya, sikuwa na jina la kukupa.

Muhula wa kwanza Mwalimu Rotich alituambia kwamba anaweza kumwandikia mwanafunzi mmoja barua ya kumpeleka chuo cha ufundi, kusomea kazi ya maabara. Mmoja tu. Angemchagua kwa jaribio ambalo kila wawili wangelifanya kwa mikono yao wenyewe, nje ya kitabu. Mimi na Nekesa tulipangwa pamoja. "Barua ni moja na ninyi ni wawili," akatuambia, "kwa hivyo nitaangalia nani amefanya nini." Sisi wote wawili tuliitaka barua ile kufa na kupona. Hakukuwa na kitu kingine mbele yetu. Nekesa alisema waziwazi usiku ule ule kitandani: "Njeri, mimi nisipopata hii barua narudi Turbo kupalilia mahindi, na nikirudi sitoki." Nilifikiri, mbona ananiambia hivi, anataka nimwonee huruma nimwachie?

Jaribio lilikuwa lake, wazo lake tangu mwanzo. Alikuwa amesoma kwamba mwanga ni mawimbi, na kwamba ukiupitisha kwenye nyufa mbili nyembamba zilizokaribiana, mawimbi yanayotoka huku yanakutana na yanayotoka kule: mahali yanapokubaliana panang'aa, mahali yanapopingana panakuwa giza, na jicho linaona mistari. Mwanga kuongezwa mwanga ukawa giza! Mimi nilimwambia huo ni uongo wa vitabu. Yeye akatafuta kopo kubwa la mafuta ya kupikia, akalitoboa chini apitishe balbu ya stima, akaweka karatasi nyeupe mbele ya balbu. Ubavuni akakata dirisha, na kwenye dirisha akabandika nyembe mbili kwa nta ya mshumaa, makali yakitazamana, zikiachana kama unene wa ukucha. Juu ya ufa huo akafunika karatasi nyekundu ya peremende, kwa sababu kila rangi ina mistari ya upana wake na zikichanganyika zinaharibiana. Halafu akachukua kipande cha kioo, akakipaka moshi wa koroboi mpaka kikawa cheusi, akakikwaruza mikwaruzo miwili kwa sindano, karibukaribu kabisa. Unasimama hatua mbili kubwa kutoka kwenye kopo, unaweka kioo mbele ya jicho, unachungulia ule ufa mwekundu. Basi. Kwa sababu vitu vya maabara vilikuwa na tabia ya kupotea, jioni tulilibeba kopo mpaka Huruma na asubuhi tukalirudisha. Mama Sella aliliogopa. Alisema kitu chenye nyembe na taa hakikai karibu na kitanda chake.

Kwa wiki mbili hakuna aliyeona kitu. Halafu siku moja baada ya masomo, mapazia meusi ya maabara yakiwa yamefungwa, Nekesa akapiga kelele. "Njeri, kuja! Kuja uone, ni mingi!" Nikaja mbio nikanyakua kile kioo. Niliona wekundu tu, umevutwa kando kama rangi iliyopanguzwa na kidole. "Tulia," akaniambia. "Lipe jicho muda. Na usikiinamishe kioo, mikwaruzo isimame sawa na ule ufa." Nikatulia, labda nusu dakika. Nani ana subira ya kutazama kitu ambacho hakipo? Nikamrudishia. Akaanza kunitajia alama kutoka kwenye rula tuliyoisimamisha kando ya kopo, na mimi nikaandika kwenye daftari: mbili na nusu, tano, saba na nusu, kumi. Mistari tisa, na kutoka mmoja hadi mwingine milimita mbili na nusu, mbili na nusu, mbili na nusu. Kalamu yangu ikawa nzito.

Lazima nieleze hapa jambo ambalo kila aliyesoma sayansi kwetu analijua. Tulikuwa tunapika. Kupika ni kuandika vipimo ambavyo hukuvipima: unajua jibu linalotakiwa, unarudi nyuma, unatengeneza namba zinazokupeleka pale. Kila mtu alipika, mimi nikiwa wa kwanza, na kila mtu alijua dalili zake. Vipimo vya kweli vinayumba kidogo, huku vimezidi, kule vimepungua. Vilivyopikwa vinanyooka. Mwalimu Rotich alikuwa na msemo wake: "Matokeo yakipendeza sana, nusa sufuria." Sasa mimi nina daftari mkononi lenye namba zilizonyooka kama mstari wa gwaride, na macho yangu hayajaona kitu. Ungefikiria nini? Nilifikiria kwamba Nekesa amenifanya karani wa uongo wake, ili siku ya barua aseme yeye ndiye aliyeona na mimi nimeandika tu.

Baada ya hapo kila kitu kikawa dalili. Ilikuwa mwezi wa saba, na Eldoret mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nekesa alikuwa na sweta ya kijani aliyokuja nayo kutoka Turbo, akaacha kuivaa ghafla. Nilipomuuliza iko wapi akasema, "Iko tu." Iko tu! Nikashuku ameiuza, na nikiuliza moyo wangu ameiuza kwa sababu gani, moyo ukanijibu kwamba anatafuta pesa za kumhonga mtu. Halafu jioni moja nikiwa nimejilaza upande wa nyuma, wakidhani nimelala, nikawasikia kupitia mbao. Mama Sella alisema, "Tumwambie tu, si atajua?" Nekesa akamjibu, "Asijue kwanza. Huyo akijua atakataa." Sindano zikaendelea kugongana. Nililala nimekaza macho, nikijiambia, haya, umesikia kwa masikio yako mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Nekesa alienda kuteka maji na Mama Sella alikuwa sokoni. Nikalivuta kopo kutoka chini ya kitanda. Sikutaka kuharibu, na hilo nitaliapa popote. Nilichotaka ni mwanga. Niliona kwamba ule ufa wa nyembe ulikuwa mwembamba mno, unatoa mwanga wa kubahatisha, na mwanga wa kubahatisha ndio mahali pazuri pa mtu kujificha na kusema naona hiki na kile. Nikawasha kiberiti, nikalainisha nta, nikasukuma wembe mmoja, nikaiweka njiti ya kiberiti katikati ipime upana. Nta ilipokauka nikaitoa njiti. Sasa, nikasema, kama kuna mistari itaonekana kama mchana, na kama hakuna, hakuna. Nikafunika na karatasi ya peremende kama ilivyokuwa na kurudisha kopo mahali pake.

Jumatatu Mwalimu Rotich alikuja bila kutuambia. Akafunga mapazia mwenyewe. Nekesa akawasha taa, akaweka kioo kwenye jicho akitabasamu, na nikaona tabasamu likiisha. "Ngoja kidogo, Mwalimu," akasema. Akageuza kioo. Akasogea nyuma, akasogea mbele. "Ngoja tu kidogo." Mwalimu akachukua kioo kutoka mkononi mwake, akachungulia muda mrefu kuliko nilivyowahi kuchungulia mimi. "Naona taa," akasema. "Taa nyekundu nzuri sana." Akafungua daftari. "Mbili na nusu, mbili na nusu, mbili na nusu. Nekesa, hata wanajeshi hawasimami hivi." Halafu akanigeukia. "Njeri. Wewe umeona hii mistari?"

Nilijua barua ni moja. Nilijua pia kwamba nikisema ukweli mtupu hakuna atakayenilaumu, na ukweli mtupu ndio niliosema. "Hapana, Mwalimu. Sijawahi kuona hata mmoja." Akatoa kalamu nyekundu, akapiga mkwaju mmoja kutoka kona ya ukurasa hadi kona. Nekesa hakulia. Alikuwa anaangalia kopo.

Jioni ile, katikati ya ugali, Nekesa akaniuliza bila kuinua uso, "Njeri, uliguza hiyo kopo?" Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeguza kitu cha mtu bila ruhusa, kwa sababu Mama Sella alikuwa anasikiliza, kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua ni hasira ya nini, nikamjibu, "Mimi? Niguse kopo lako nifanye nini?" Sindano za Mama Sella zikasimama. Nekesa akasema, "Sawa." Akamaliza chakula chake, akaosha sahani yake na yangu.

Wiki haikuisha kabla Mama Sella hajaniita mbele. Alikuwa ameshika sweta ya kijani, mpya, lakini uzi wake niliujua. Akaniambia Nekesa ndiye aliyefumua yake wakaanza upya, kwa kipimo changu, kwa sababu mimi natetemeka usiku na yeye baridi haimsumbui. "Alisema usiambiwe mapema," akasema Mama Sella, "ati wewe ukijua utakataa. Mimi nimemwambia baada ya mambo ya juzi tumpe ya nini? Akasema nikupe tu, imeshafumwa." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hata hapo, unajua nilichofikiria? Kwamba labda ananinunua ninyamaze. Nilifikiria hivyo nikiwa ninaivaa.

Barua ilikuwa yangu. Nekesa alirudi Turbo, na kama alivyosema, hakutoka. Mwaka wa pili chuoni mkufunzi wetu alituingiza kwenye chumba cha giza kutuonyesha jaribio lile lile, kwa vyombo vya kununua. Nikaona. Mistari myekundu na giza katikati yake, imesimama kwa mapengo yaliyo sawa kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yake: ya kweli hunyooka. Halafu mkufunzi akasema, tazameni, naongeza mwanga. Akageuza skrubu, ufa wa kwanza ule ulio karibu na taa ukaanza kupanuka, na mistari ikafifia mbele ya macho yetu mpaka ukabaki wekundu mtupu. Akaeleza kwamba ufa mpana ni kama nyufa nyingi zilizopangwa pamoja, kila mmoja unaleta mistari yake, na mistari ya huu inaangukia kwenye giza la ule, mpaka kila mahali panakuwa na mwanga na hakuna kinachoonekana. "Wengi hukosea hapa," akasema. "Wanafikiri wakiongeza mwanga wataona zaidi." Nilikuwa nimevaa sweta ya kijani siku hiyo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, mikono ndani ya mikono ya sweta, na nilijua kila kitu.

Ningeandika barua. Turbo si mbali, ningekwenda hata kwa miguu. Badala yake nilianza kujitetea: kwamba sikujua, kwamba Mwalimu ndiye aliyeamua, kwamba huenda Nekesa ameolewa vizuri na hataki kukumbushwa. Miaka ikaenda hivyo. Kazini nimewaonyesha wanafunzi mistari hiyo kila mwaka, na kila mwaka nilikuwa wa kwanza kuwaambia wafinye ufa. Nimeshuku majirani, wachuuzi, mume wangu, Mungu anisamehe, hata daktari. Mtu mmoja tu sikumshuku alipostahili kushukiwa, na ni mimi.

Basi siku ya chakula kile, watu walipoanza kuzunguka na vikombe vya chai, Nekesa akaja akavuta kiti mbele yangu. Akaweka mfuko wa nailoni mezani, akatoa kopo. Lilikuwa limeingia kutu, lakini nyembe zilikuwa pale, na nta imekuwa ya kahawia.

"Walisema tulete vitu vya zamani," akasema.

"Uliliweka miaka yote hii?"

"Angalia hapa." Akaweka ukucha kwenye bati, kando ya wembe wa kulia. Palikuwa na alama nyembamba iliyokwaruzwa kwa sindano. Wembe ulisimama mbali nayo, upana wa njiti ya kiberiti. "Nilichora siku ile niliona mistari, ndio wembe ukisonga nijue. Siku Mwalimu alikuja, nilifika nyumbani nikaangalia. Hata kabla ya ugali."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua kuna mtu. Na Mama Sella alikuwa anaogopa hiyo kopo kama nyoka, hangeiguza."

"Nekesa, mbona hukusema? Ungemwonyesha Mwalimu hii alama!"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nilikuuliza," akasema. "Ukanijibu."

Nilitoa kioo cha zamani kwenye mfuko ule, kimefungwa kwenye kitambaa, masizi bado yapo. Nikalibeba kopo mpaka ndani ya maabara. Mapazia yalikuwa hayajang'olewa, nikayafunga. Nikalainisha nta kwa kiberiti, nikasukuma wembe kwa kidole gumba mpaka ukakaa juu ya ile alama, na sikujali kwamba ulinikata. Nikaweka tochi ya simu ndani ya kopo nyuma ya karatasi nyeupe, nikafunika ufa kwa karatasi nyekundu niliyoipata mezani kwenye peremende za wageni. Halafu nikatoka nikamshika Mwalimu Rotich mkono. "Twende, Mwalimu, kuna kitu hukumaliza kusahihisha." Watu walitufuata, wakadhani ni mchezo.

Nikamsimamisha hatua mbili kubwa, nikamshikia kioo wima mbele ya jicho. "Naona taa," akasema.

"Tulia, Mwalimu. Lipe jicho muda."

Alitulia. Nilisikia anavyopumua. Muda ukapita mpaka mtu nyuma akakohoa, halafu yule mzee akaanza kusema polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, "Moja. Mbili. Tatu." Akafika tisa. Akashusha kioo. "Lakini siku ile haikuwepo," akasema. "Nilichungulia mimi mwenyewe."

"Ilikuwepo mpaka Jumamosi," nikasema. "Nilisogeza wembe mimi. Nekesa aliponiuliza, nikakana. Nekesa hakupika kitu, Mwalimu. Barua ilikuwa yake."

Hakuna aliyecheka. Mzee alimtafuta Nekesa gizani kwa mkono, akamwita mama, akamwomba msamaha mbele ya watu wote, na Nekesa akaupokea kwa heshima, akimshika mkono ule kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu. Nilifikiri atanitukana, au atanikumbatia, na nilikuwa nimejiandaa kushuku lolote kati ya hayo mawili. Alikuja, akachukua kopo, akazima tochi, akanirudishia simu yangu.

"Ile sweta," akasema. "Unayo bado?"

"Ninayo." Iko chini kabisa ya sanduku langu, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia.

"Niletee," akasema Nekesa. "Turbo kuna baridi."